Upande wa Mgonjwa

Kinyozi alifika chuoni mapema, mfagiaji hajamaliza hata uwanja, na badala ya kukaa kwenye benchi kama watu wengine akaanza kuzunguka. Midomo inamcheza: chonge, gego dogo la kwanza, gego dogo la pili, gego kubwa la kwanza. Akifika kwenye bomba la maji anageuka, akifika kwenye ngazi anageuka. Mfagiaji akavumilia, akavumilia, mwisho akasimamisha ufagio wake.

"Baba, unanikanyagia nilipofagia."

"Niwie radhi, mama."

Akahamia upande wa pili wa uwanja, akaendelea kukanyaga huko.

Siku hiyo ilikuwa ya mtihani wa marudio. Somo lenyewe ni la maumbile ya meno na kinywa, ambalo ndilo la kwanza kabisa kwa wanaosomea utabibu wa meno, kwa sababu huwezi kutengeneza nyumba usiyojua vyumba vyake. Mara ya kwanza alikuwa ameanguka. Akianguka na mara hii, chuo hakina mjadala: atakusanya virago vyake, atarudi kwenye kiti chake cha kunyolea, ambacho kwa sasa alikuwa amemwachia shemeji yake, kaka wa mkewe. Na kurudi kwenye kile kiti ndiko kulikomnyima raha. Si kwamba kazi ya kunyoa ni mbaya. Ni kazi safi, ya watu, na imemlelea watoto. Lakini alikuwa na sababu yake, na ile sababu ilikuwa haimwachi kukaa.

Jina lake la kuzaliwa pale chuoni halikutumika. Wanafunzi wenzake, wengi wa umri wa kuwazaa, walimbandika Kinyozi tangu wiki ya kwanza, siku aliposhindwa kujizuia akamrekebisha mmoja wao kisogo kwa kisu cha darasani cha kuchongea meno ya nta. Kisogo kilitoka vizuri. Kisu kikanyang'anywa.

Miaka yote ile ya kunyoa, Kinyozi alikuwa amesimama nyuma ya watu. Hebu fikiria kazi ya kinyozi ilivyo. Mteja anakaa, anafunikwa shuka hadi shingoni, anatazama kioo. Wewe uko nyuma yake. Kulia kwake ni kulia kwako, kushoto kwake ni kushoto kwako, na mkiongea mnaongea kwa kupitia kioo. Ni maongezi mazuri sana hayo, kwa sababu hakuna anayemtazama mwenzake. Mtu atakuambia habari za ndoa yake, za bosi wake, za bawasiri yake, mambo ambayo ungekuwa umekaa mbele yake asingekuambia ng'o. Na Kinyozi, ambaye tangu utoto alikuwa mtu wa aibu, hakupenda macho ya watu, alijiona amepata kazi aliyoumbiwa. Akilazimika kunyoa ndevu, anamlaza mteja kichwa nyuma, anainama kutokea juu. Mbele ya mtu hasimami.

Sasa siku moja akaja dereva wa lori, mteja wa siku nyingi, mtu wa mizaha. Siku hiyo hakutania. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba hadi chini ya taya, ngozi inang'aa kama embe lililoiva.

"Jino?" Kinyozi akakiuliza kioo.

"Jino tu," kioo kikajibu. "Ninyoe, nina safari."

Akamnyoa. Alizungushia ule uvimbe wembe kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayelima kuzunguka kichuguu, na kazi ikatoka safi. Dereva akajitazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Wiki haikwisha zikaja habari kwamba amefia hospitali ya huko alikokwenda. Usaha wa jino ulishuka shingoni ukamziba pumzi.

Jino tu! Kinyozi hakulala vizuri tena. Hakuna aliyemlaumu, na kweli hakuwa na la kulaumiwa, kinyozi si daktari. Lakini kila mteja aliyekaa kwenye kile kiti alimwangalia taya kwanza kabla ya nywele. Akawa anauliza watu maswali ya meno yao. Wateja wengine wakaanza kwenda duka la jirani. Mkewe akamwambia, "Wewe mtu, ama ukasome hayo meno, ama uache kuwapekua watu midomo." Alisema kwa hasira, lakini mumewe aliisikia kama ruhusa. Vyeti vyake vya shule vilikuwa vinatosha kwa kubana, akaomba, akapata.

Na kusoma alipenda. Alipofundishwa kwamba gego la chini mizizi yake huweza kushuka hadi chini ya msuli uliotanda sakafuni mwa mdomo, na kwamba usaha ukitokea huko chini unakuta njia nyeupe ya kwenda shingoni, alitoka darasani akaenda kusimama nyuma ya choo peke yake kwa muda. Kumbe ndiyo hivyo. Kumbe ina ramani.

Mkono wake nao ulikuwa hodari. Walipokuwa wakichonga meno kwa vipande vya nta, wenzake walitoa vitu kama viazi, yeye alitoa gego kubwa la juu lenye mizizi yake mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja mnene upande wa kaakaa, hadi mwalimu akaliweka dirishani. Alijua kwamba jino la mbele pembe yake ya upande wa katikati ya uso ni kali, na ile ya upande wa nje imeviringika kidogo. Alijua ncha ya mzizi hupenda kulalia nyuma. Ukimpa jino akiwa amefumba macho, atalipapasa, atakuambia hili ni la juu au la chini, la ngapi, la mtoto au la mtu mzima.

Tatizo likaja kwenye upande.

Ukisimama mbele ya mtu, kulia kwake ni kushoto kwako. Jambo hilo mtoto wa chekechea analijua. Lakini kulijua ni kazi ya kichwa, na mkono una elimu yake. Mkono wa Kinyozi ulisomea nyuma ya watu. Kila jino la kulia aliliita la kushoto, na kila la kushoto akaliita la kulia, bila kubahatisha, bila kukosea kukosea kwake.

Mwalimu wao alikuwa daktari mmoja mwanamke, mfupi, mwenye miwani ya kamba, ambaye wanafunzi walimwita Daktari Tulia kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila mtu, awe mgonjwa, mwanafunzi au nzi. Baada ya ule mtihani wa kwanza alimwita Kinyozi ofisini.

"Tulia, kaa."

Kinyozi akakaa ukingoni mwa kiti, goti linamruka.

"Katika meno yote niliyokuwekea hukukosea hata moja. Umekosea upande tu."

"Kumbe ni upande tu, Daktari," akasema Kinyozi, akapata pumzi.

Daktari Tulia akavua miwani. "Unasemaje? Mgonjwa ana gego bovu kulia. Wewe unalijua vizuri, jina lake, mizizi yake, kila kitu. Halafu unang'oa zima la kushoto. Utamwambia nimekosea upande tu?"

Goti likasimama.

"Ningeweza kukupa alama nusu," daktari akaendelea, na sauti ilikuwa ya upole, ndiyo iliyouma. "Lakini hakuna mgonjwa wa nusu. Nenda kajifunze kusimama mbele ya mtu. Ukirudi na kosa lile lile sitaweza kukusaidia."

Hapo ndipo mashaka yalipoanza kweli. Kinyozi alijaribu kila dawa. Alifunga uzi mkono wa kulia, akasahau uzi ni wa kulia kwa nani. Binti mmoja wa darasani, mcheshi, waliyemwita Redio, akamshauri awe anageuza kila jibu: "Kaka mkubwa, ukitaka kusema kulia, sema kushoto. Mchezo umekwisha." Akafanya hivyo siku nzima, jioni akawa anageuza hata alipokuwa sahihi, na alipokuwa anavuka barabara nusura agongwe na baiskeli, maana alitazama upande wa pili.

Redio akacheka hadi akakaa chini. "Basi acha, kaka mkubwa! Bora kuanguka mtihani kuliko kuanguka barabarani."

Akarudi nyumbani, akamwomba mkewe mdomo. Mkewe alikuwa na mambo yake, anachambua mchele, lakini akaweka ungo pembeni akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha ambako mwanga ulikuwa mzuri. Mumewe akanawa mikono, akashika kioo kidogo cha mdomoni.

"Panua."

Akapanua.

"Juu kulia, chonge. Juu kulia, gego dogo la kwanza. Hili limetoboka kidogo, mke wangu."

"Aah-aah."

"Usiongee. Juu kulia, gego kubwa la kwanza... sawa kabisa! Mbona hapa nyumbani sikosei hata moja?"

Mkewe akautoa ule mkono mdomoni. "Kwa sababu uko nyuma yangu."

"Nani?"

"Wewe, bwana. Umeniwekea tumbo kisogoni. Nilikaa nimekutazama, ukazunguka mwenyewe. Unazunguka kila siku, mimi nakaa kimya nikidhani ndivyo mnavyofundishwa."

Kinyozi akajitazama miguu. Kweli alikuwa nyuma. Hakukumbuka kuzunguka.

"Njoo mbele," mkewe akasema.

Akaja mbele. Mkewe akamtazama usoni, naye akatazama dirisha.

"Nitazame."

"Nakutazama."

"Unatazama pazia. Hilo pazia lina meno?" Mkewe akamshika kidevu, akamgeuza. "Tumeoana miaka yote hii, unaniogopa macho? Mimi ndiye ninayeumwa. Si wewe, si kioo. Anayeumwa ni mimi, na huu hapa ndio mkono wangu wa kulia." Akaunyanyua, una chenga za mchele. "Maumivu yako upande huu. Sasa nitajie."

Akakosea. Akakosea tena. Mara ya tatu akapata, lakini jasho lilikuwa linamtiririka kama aliyebeba magunia, na mkewe akasema mchele hautajipika. Tangu hapo wakawa wanafanya hivyo kila jioni kabla ya chakula, yeye akiwa mbele, na kila jioni miguu yake ilitaka kuzunguka, hadi mkewe akawa anakaa ameegemea ukuta ili kusiwe na nyuma.

Ndiyo maana asubuhi ile ya mtihani alikuwa anazunguka uwanja. Miguu ilikuwa inajizungusha yenyewe, akaiacha imalize hamu yake huko nje.

Wakaingia. Sehemu ya kwanza ilikuwa meza zenye sahani, kila sahani na jino moja, kengele ikilia unahama. Kinyozi akachukua la kwanza, akaligeuza uso wa shavu umtazame, taji chini, mizizi juu. Pembe ya katikati ya uso iko mkono wangu wa kulia, basi jino limesimama kushoto kwangu. Kushoto kwangu... Akamwona mkewe ukutani, mkono umenyanyuliwa. Kulia kwake. Akasema la kulia. Kengele. Lingine. Kila jino alilipachika kwanza kwenye uso wa mkewe ndipo akalitaja, na kazi ilikwenda polepole, kengele ikamkimbiza mara mbili tatu, sahani moja akaiacha bila jibu kabisa. Lakini alimaliza.

Sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kuamua. Kinywa cha mtu aliye hai. Mlinzi wa getini, mzee mwenye masharubu meupe, alijitolea, au alijitolewa, maana alikuwa amekaa kwenye kile kiti kirefu kwa uso wa mtu aliyekamatwa. Pembeni alikuwepo Daktari Tulia, na mtahini mgeni kutoka chuo kingine, mwanamume mrefu mwenye kalamu sikioni.

"Kuna gego moja la chini limekosekana," akasema mgeni. "Tuambie limekosekana lipi, la upande gani, na lililokaa mahali pake ni lipi."

Kinyozi akavaa glavu. Akapiga hatua. Mgeni akakohoa.

"Unakwenda wapi?"

Alikuwa ameshafika nyuma ya kichwa cha mlinzi. Akasikia damu inampanda masikioni. Akarudi mbele. Mlinzi akamtazama kwa macho mawili makubwa ya mtu asiyejua atafanywa nini, na Kinyozi, akiwa hana pazia la kutazama wala kioo, akajikuta amevua glavu na kunyoosha mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema mlinzi, na uso wake ukalegea. Akampa mkono. Mkono wa kulia, kama watu wote wanavyosalimiana. Mkono ukakata mbele ya tumbo, ukaja, ukashika wake, na Kinyozi akauona ulikotokea: bega la kushoto kwake yeye, la kulia kwa mlinzi. Hakuuachia upesi.

"Huo ni ujanja," akasema mgeni.

"Ni salamu," akasema Daktari Tulia. "Na wengine wote leo wameingia hapa wakatusalimu mimi na wewe. Lakini tulia, usiwe na wasiwasi, sitaiacha hivyo. Kinyozi, mwachie mkono. Vaa glavu mpya. Endelea."

Akaendelea. Mlinzi akapanua. Kulikuwa na pengo dogo, dogo kuliko gego, na gego lililofuata limeinama mbele kama mtu anayechungulia mlangoni. Mtu mwenye haraka angeliita gego la kwanza, kwa kuwa limekaa jirani na magego madogo. Kinyozi akaliangalia juu yake. Gego la kwanza la chini lina ncha tano. Hili lilikuwa na nne, na mifereji yake imekatana kama dirisha la vioo vinne.

"Lililokosekana ni gego kubwa la kwanza. Hili ni la pili, limehama. Chini." Akautazama tena mkono wa mlinzi. "Kulia. Kulia kwa mgonjwa."

Daktari Tulia akasogea.

"Sasa bila salamu. Nikitaja, gusa. Juu kushoto, chonge."

Akagusa.

"Chini kushoto, gego dogo la pili."

Akagusa.

"Juu kulia, gego dogo la kwanza."

Mkono ukaondoka. Ukaenda kulia kwake mwenyewe, ule upande wa miaka yote, na ukiwa karibu kufika ukasimama hewani. Chumba kizima kiliuona umesimama. Kinyozi alimtazama mlinzi machoni, mlinzi naye akamtazama, mdomo wazi, na mkono ukakata kurudi, ukagusa jino la kulia la juu. Ukatetemeka ukiwa hapo hapo.

"Toka, subiri nje," akasema daktari.

Kusubiri! Redio, ambaye alikuja kwa mapenzi tu kwa kuwa yeye alishapita, akamshikilia benchini kwa shati. "Kaka mkubwa, ukizunguka tena nakuita feni." Akakaa. Akasimama. Akakaa. Alimfikiria shemeji yake kwenye kile kiti, na kioo, na taya za watu zikipita ndani ya kioo moja baada ya nyingine, naye hana la kuziambia.

Daktari Tulia akatoka mwenyewe.

"Mkono wako ulikwenda kombo mara moja."

"Ndiyo, Daktari."

"Ukarudi."

"Ndiyo."

"Mwenzangu alitaka nikuangushe kwa huo mkono. Mimi nimemwambia mkono unaorudi naweza kuufundisha. Umepita, kwa ukingo wa ukucha. Lakini sikiliza. Hutagusa mgonjwa hata mmoja hapa kabla hujaushika mkono wake na kusema upande kwa sauti, nikusikie. Wenzako wakicheka, wacheke. Nitakayemkuta amegusa kabla ya kusema, ni wewe au yeyote, nitamtoa nje."

"Nimesikia, Daktari. Ahsante."

"Usiniambie ahsante. Ogopa. Mtu wa aina yako namtaka aogope."

Akarudi ndani. Redio akapiga vigelegele hadi mfagiaji akatokeza kichwa kuuliza nani ameolewa. Kinyozi akaomba simu ya Redio, maana yake ilikuwa imekwisha chaji, akampigia mkewe.

"Sema haraka, nina sufuria jikoni."

"Nimepita."

Kifuniko kikasikika kikiwekwa chini.

"Umepita kupita, au umehurumiwa?"

"Nimepita kwa kutetemeka."

"Hiyo nayo ni kupita." Sauti yake ikabadilika, akaivuta ikarudi sawa. "Nimwambie kaka kuhusu kiti?"

Kinyozi akatazama mikono yake, unga mweupe wa glavu bado uko kwenye makunyanzi ya vidole.

"Mwambie ni chake. Anunue shuka jipya, lile la zamani limechakaa. Na mwambie mteja akija amevimba taya asimnyoe. Ampandishe gari ampeleke hospitali, hata kama mtu anasema ana safari."

"Mwambie mwenyewe hilo. Mimi hatanisikia."

"Nitamwambia. Nakwenda sasa hivi."

"Sasa hivi? Hujala, hujapumzika!"

Lakini alikuwa ameshampa Redio simu yake na amefika getini, ambako mlinzi alikuwa amerudi kazini na anajipapasa shavu kwa kidole. Kinyozi akasimama mbele yake kumshukuru, na mzee akamwuliza lile gego lililohama litaishia wapi, na kama linaweza kurudishwa. Kinyozi akasema bado hajafika somo hilo, atauliza Jumatatu. Kisha akashika njia ya kwenda kwa shemeji yake, kwa miguu, haraka haraka, jua likiwa utosini.